Wosia Namba Kumi na Mbili

Jina la nchi yetu silitaji. Sheria inasema anayelitaja alitaje akiwa amesimama, na mimi naandika nimekaa, kwa hiyo tuliache hivyo. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, ina wimbo, na ina hifadhi za taifa kumi na mbili. Kumi na moja kati ya hizo zilianzishwa na Rais wetu alipokuwa hai. Ya kumi na mbili aliianzisha akiwa ndani ya jeneza. Hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, maana nilikuwepo, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Naitwa Hamduni, karani wa kumbukumbu wa daraja la tatu. Kazi yangu ni kuandika kila linalosemwa na wakubwa na, ndani ya mabano, kila linalofanywa na wadogo wanaposikiliza. Wakipiga makofi naandika (Makofi). Wakicheka naandika (Kicheko). Wakisinzia siandiki kitu. Hayo ndiyo maelekezo niliyoyakuta kazini.

Nataka nianze kwa haki. Rais wetu, Mzee Kasambala, alipenda wanyama kweli, si kwa ajili ya kupigwa picha. Kuna siku alisimamisha msafara wa magari thelathini dakika hamsini nzima ili kobe avuke barabara. Balozi mmoja alizimia kwa jua. Mkuu wa itifaki akaomba ruhusa amnyanyue yule kobe amvushe, Mzee akamkatalia: "Mwache. Na yeye ana safari zake." Tangu siku ile mawaziri wote wakawa wapenzi wa wanyama, na Waziri wa Reli alifuga bundi ofisini mpaka wageni wakaacha kuja.

Hifadhi zake alizipima mwenyewe kwa miguu, fimbo mkononi, kofia pana kichwani. Akikuta pori analichukua. Akikuta watu wanalima anawasalimu, anakunywa maji yao, anazunguka. Ndivyo alivyolizunguka Bonde la Isimbila, ambalo ni bonde la mpunga, na ndani yake wanaishi watani zake.

Msomaji anajua utani, simfundishi. Rais alikuwa Mkindo. Watu wa Isimbila ni Wahengwe. Babu zao walipigana miaka saba kwa ajili ya mzinga mmoja wa asali, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo hawapigani tena, wanatukanana tu. Kila mwaka Mzee alikwenda Isimbila kula wali wa mpunga mpya na kuwaita wala panya. Nao walimjibu kwamba Wakindo ni wachoyo kiasi cha kuzika maiti zao zikiwa zimesimama ili kubana eneo. Akiondoka pale alikuwa amecheka mpaka mlinzi wake anamfutia machozi.

Halafu akafa. Tulilia sana, wengine bila kuagizwa.

Siku ya mazishi wageni wa heshima walikaa kwenye mahema, bendi ikapiga, hotuba zikasomwa. Jeneza lilipofika kwenye mdomo wa kaburi, mama mmoja akatoka kwenye umati, akasimama mbele yake, akalizuia. Alikuwa Mama Ndekwa wa Isimbila, mkulima wa mpunga, aliyetumwa na Wahengwe wote kwa sababu hakuna mtu katika nchi hii aliyeweza kuiga sauti ya Mzee kama yeye. Ndiyo kazi ya mtani msibani: watu wakizidiwa na kilio, yeye huwapumzisha. Akamwomba Mzee Matungwa, mdogo wake marehemu, kofia na fimbo. Akapewa. Akaivaa kofia, akaegemea fimbo, akakohoa kidogo kama Mzee alivyokuwa akikohoa kabla ya kila jambo zito.

"Wananchi! Mnalia nini? Nimejipumzisha tu. Ila huku nilipo nimehesabu hifadhi zangu nikaona ni kumi na moja. Kumi na moja ni timu ya mpira, si hifadhi! Nataka ya kumi na mbili. Chukueni Bonde la Isimbila lote. Waondoeni hao Wahengwe wala panya, maana wanavyotafuna siwezi kulala. Na wakishaondoka, hata kuku asikanyage pale, milele na milele!"

Jamani, watu walicheka. Mzee Matungwa alishikwa huku na huku asianguke. Mjane wa Rais alijifunika khanga usoni na mabega yakawa yanatikisika. Wabebaji walilazimika kuliweka jeneza chini kwanza. Nami nikaandika neno kwa neno, nikamtaja aliyesema kuwa ni Mama Ndekwa akimwigiza marehemu, na mwisho nikaweka mabano yangu: (Kicheko kirefu).

Daftari nililipeleka kwenye Kitengo cha Uhariri wa Heshima. Mkuu wa kitengo alisoma akaishia kwenye mabano.

"Hamduni, watu walicheka kwenye mazishi ya Rais?"

"Walicheka, mkuu."

"Dunia itatuonaje? Taifa linalochekea maiti?" Akafuta, akaandika (Makofi ya muda mrefu). Akarudi juu. "Na hapa umeandika 'akimwigiza'. Kumwigiza Rais ni kosa la jinai. Unataka chapa ya Serikali iwe na kosa la jinai ndani yake?"

Akafuta jina la Mama Ndekwa pamoja na uigizaji wake, akaandika "Hayati Rais", na nukta mbili. Kwa hiyo Taarifa Rasmi ya Mazishi, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, inasomeka kwamba Hayati Rais alizungumza kwa kirefu, akaagiza Isimbila ichukuliwe, na wananchi wakampigia makofi. Niliuona ukurasa ule kabla haujachapwa. Nilijiambia hakuna mtu anayesoma vitabu vya Serikali. Mdharau mwiba mguu huota tende, nami nilikuwa nautazama ukiingia.

Utawala mpya uliunda Tume ya Kuenzi Urithi wa Hayati Rais, chini ya Profesa Kiyungi, mtu ambaye hajawahi kusema jambo kwa maneno matano kama kuna nafasi ya hamsini. Tume ilikwishatoa stempu, sanamu, na sabuni yenye picha ya Mzee akimshika twiga. Ilikuwa imeishiwa cha kuenzi. Ndipo Profesa alipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akatuita wote ukumbini.

"Ndugu zangu," alisema, huku ameukumbatia ule ukurasa, "viongozi wa mataifa mengine hukoma kuongoza wanapokoma kupumua. Wa kwetu, kwa upeo wake, kwa kina chake, kwa mapana yake yasiyopimika, alikataa kufungwa na upungufu huo wa kibaiolojia!"

(Makofi.)

Wiki iliyofuata Isimbila ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na wakazi wake wakapewa siku tisini. Wataalamu walipelekwa kuhesabu wanyama. Walikaa siku sita. Walikuta vyura, ndege aina ya kwelea, na mbwa mmoja aitwaye Simba, ambaye kwenye taarifa aliingizwa kwa jina lake tu.

Mama Ndekwa alikuja ofisini kwangu siku ya tano baada ya tangazo, amelikunja gazeti kwapani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa unaandika pale makaburini?"

"Ni mimi, mama."

"Uliniona nina kofia ya watu kichwani?"

"Nilikuona."

"Uliwaona wanacheka?"

"Niliwaona, mama."

"Basi si uwaambie hao wakubwa zako! Kaya mia nne zile. Mpunga ndio kwanza unachanua. Na kila ninayekutana naye njiani ananitazama mdomo, hanitazami macho. Mdomo wangu huu ndio umewauza." Akalikunjua gazeti juu ya meza yangu, akalinyoosha kwa viganja mpaka likatulia. "Sisi tumezaliwa pale. Mtani wangu mwenyewe alikuwa analila lile bonde kila mwaka kwa kijiko. Leo ndio alitake lote?"

Nilimweleza utaratibu. Anayetaka kufuta wosia wa Rais anajaza fomu tatu. Ya kwanza ni ya mwombaji, ya pili ni ya mtendaji wa kata, na ya tatu inasainiwa na aliyetoa wosia, mbele ya shahidi. Aliitazama ile fomu ya tatu. Kisha akaniuliza kama nina kalamu ya kumwazima marehemu. Sikujua nicheke au nimpe.

Tume ilikubali kumsikiliza, kwa sababu kusikiliza hakujawahi kuidhuru. Ukumbi ulijaa Wahengwe waliovaa nguo zao za harusi. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Matungwa.

"Waheshimiwa, mimi na marehemu ni tumbo moja. Lile jambo lilikuwa utani. Mimi ndiye niliyempa huyu mama kofia. Kaka yangu asingewafukuza watu wa Isimbila hata kwa bunduki."

"Mzee," alisema Profesa Kiyungi kwa upole, "wewe ni ndugu wa marehemu. Una maslahi."

"Maslahi gani?"

"Ya undugu." Akamgeukia Mama Ndekwa. "Na wewe mama, unadai ni mtani wa Hayati. Una kitambulisho cha utani?"

"Utani hauna kadi, baba."

"Sasa Tume itathibitishaje?"

Mama Ndekwa akamgeukia Mzee Matungwa. "We Mkindo mchoyo! Mama yako mlimzika amesimama, mpaka leo anaumwa miguu!"

"Nyamaza, mla panya! Hebu jitoe huo mkia kwenye meno kwanza!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mjumbe mmoja wa Tume alijificha nyuma ya faili lake. Profesa aligonga meza, akaagiza iandikwe kwamba mashahidi wawili wametoleana lugha ya matusi mbele ya Tume na wamepewa onyo. Nikaandika.

Kisha akaniita mimi.

"Karani. Wewe ndiye uliyeandika kumbukumbu za mazishi. Mama huyu anadai watu walicheka. Kitabu kinasema walipiga makofi. Walifanya nini?"

Daftari langu la siku ile lilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa katikati ya miguu yangu. Lilikuwa na mwandiko wangu, na mabano yangu yale yale yakiwa yamepigwa mstari kwa wino mwekundu wa mkuu wa kitengo. Ningeinama tu. Mama Ndekwa aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo kunitia moyo, kama mzazi anayemtazama mtoto wake akienda kusoma shairi mbele ya shule. Mimi nina nyumba ya Serikali. Nina watoto wanne ndani ya hiyo nyumba.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "kumbukumbu iliyochapishwa ndiyo kumbukumbu."

Basi. Najichukia kwa sentensi ile hadi leo, na sitaki mtu anipoze.

Mama Ndekwa hakunitukana. Alikwenda kwa Mzee Matungwa, akanyoosha mkono, akapewa kofia. Akaivaa. Akakohoa.

"Kiyungi!"

Wallahi wajumbe wote walisimama. Jenerali mstaafu aliyekuwa mwisho wa meza alipiga saluti. Profesa Kiyungi mwenyewe alisema, "Naam, Mzee," kabla hajajikumbuka.

"Kiyungi, nani amekwambia mimi nimeacha kula wali? Ule wosia naufuta. Isimbila ni ya watani zangu, niliizunguka kwa miguu yangu mwenyewe. Waacheni wavune. Na wewe uache kuuza sabuni yenye sura yangu, inaniwasha."

Kikao kiliahirishwa ghafla. Tume ikala chakula cha mchana, ikarudi na uamuzi wa kurasa arobaini, na Profesa akausoma wote, pamoja na viambatanisho. Maana yake ni hii. Kauli ya makaburini ilitolewa jeneza likiwepo, kwa hiyo ina nguvu. Kauli ya ukumbini imetolewa jeneza likiwa halipo. Tena Hayati alikuwa mtu wa msimamo, na haiwezekani mtu wa msimamo abadilike baada ya kufa. Kwa hiyo, kauli ya Hayati inayochukua ni wosia. Kauli yake inayorudisha ni utani.

"Kumbe utani mnaujua!" alisema Mama Ndekwa.

"Tunaujua, mama," alijibu Profesa Kiyungi, huku akikusanya makaratasi yake. "Sisi si wageni hapa."

Wakahamishwa. Malori yaliyotoka na watu ndiyo yaliyorudi na swala waliokopwa kutoka hifadhi nyingine, ili safari isiwe ya upande mmoja. Wahengwe walishushwa mahali panapoitwa Mwanzo Mwema, ambapo kuna mawe mengi na mtu wa kuyahesabu. Mpunga uliachwa uwe mandhari. Kwelea wakaumaliza kwa siku nane, wakazaana, na taarifa ya mwaka ikasema idadi ya wanyamapori imeongezeka maradufu tangu wananchi waondoke. Niliichapa taarifa hiyo kwa mikono hii.

Kisha ikajengwa hoteli, kwenye kile kilima ambacho Mzee alikuwa akikalia akila wali. Kukatokea tatizo dogo la kisheria, kwamba wosia unakataza hata kuku kukanyaga, na wageni wanataka kuku. Tume ikakaa. Ikaamua kwamba kuku aliyechomwa hakanyagi. Nikakumbuka akina mama wa Isimbila walioshuka kwenye malori na kuku wao walio hai wamewafunga miguu, nikaona kumbe kosa lao lilikuwa ni kutowachoma mapema. Haya mambo ukiyafikiria sana unaweza kupiga ukuta ngumi, nami nimeupiga, na ukuta wa Serikali ni mgumu.

Mwaka ukatimia. Kukaandaliwa maadhimisho pale hotelini, mabalozi wakaalikwa, na mtu mmoja akapata wazo kwamba sherehe ingependeza kama wageni wangeisikia sauti ya Mzee. Kanda zake zilikuwa zimeliwa na unyevu. Basi Profesa Kiyungi, ambaye aliamua kwamba mama yule hamwigizi Rais, akatuma gari likamchukue mama yule aje kumwigiza Rais. Mimi ndiye niliyepelekwa.

Tulimkuta Mwanzo Mwema anapondaponda mawe. Aliweka jiwe chini, akapanda gari. Profesa alimpokea mlangoni, akamwongoza kando, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo mimi, kwa mazoea ya kazi, niliisikia: "Mama, ukisema vizuri leo, sema tu unavyofurahi kuona hifadhi yako. Tutaangalia suala la watu wako."

Akapanda jukwaani, akapewa kofia. Chini yake bonde lilikuwa limejaa magugu na swala wawili waliokonda. Alilitazama kwanza. Akakohoa kile kikohozi chake, na naapa alikuwa ni Mzee mwenyewe.

"Mimi nimekufa," alisema. "Nilikufa Jumanne, kwa figo. Tangu siku hiyo sijasema neno. Haya mnayoyafanya, mnayafanya ninyi."

Akavua kofia, akaiweka juu ya kipaza sauti, akashuka ngazi.

Tume ilikaa siku tatu mfululizo, maana jambo lilikuwa zito. Kama kauli ile ni ya kweli, basi maiti hakusema, na kama maiti hakusema hakuna wosia, na kama hakuna wosia hakuna hifadhi wala hoteli, na Profesa Kiyungi ni mwenyekiti wa kitu gani? Kwa upande mwingine, kauli ile inarudisha, na kauli inayorudisha ni utani. Siku ya tatu wakapiga kura. Wote kwa pamoja wakaamua kwamba Rais aliposema amekufa alikuwa anatania.

Kwa hiyo, kisheria, hajafa. Neno "Hayati" limeondolewa kwenye stempu. Ofisi yake imefunguliwa, imepakwa rangi, na kila saa nne chai inapelekwa na kila saa tano inarudishwa. Mimi nimepandishwa daraja, ndiye karani wake sasa. Kwa watu wa Isimbila, Tume ilisema hii ni neema kubwa, kwa kuwa Rais aliye hai anaweza kupokea rufaa. Basi wakaandika. Rufaa ina saini mia nne, nyingi ni za dole gumba. Iko juu ya meza yake, upande wa kulia, na kila Jumatatu mimi ndiye ninayeifuta vumbi.

Na kila Jumatatu Mama Ndekwa anakuja. Ni mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka Mwanzo Mwema. Ananiuliza, "Amesoma?" Namjibu, "Bado, mama." Anashukuru, anaondoka. Wawili kati ya wale walioweka dole gumba wameshazikwa kwenye mawe kule, na ameniomba nisiyafute majina yao, kwa sababu walitaka kurudi.

Jumatatu hii alikuja amechoka kuliko siku zote. Alisimama mlangoni, akauangalia ule mlango wa ndani uliofungwa, akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kuingia amwone mtani wake ana kwa ana, amsemeshe mwenyewe, maana wao wawili walikuwa wakisikilizana.

Nilimjibu kwamba Mheshimiwa yuko kwenye kikao.